Stering wa Momanyi

Baba yangu alianza ushuhuda wake wa wokovu kwa habari za mtu aliyevaa chupi juu ya suruali.

"Alikuwa na nguvu," akasema, amesimama mbele ya wazee wa kanisa, kofia mkononi. "Aliinua basi ya shule na mkono moja. Watoto wako ndani. Hakuna hata mmoja aliumia."

Wazee walikuwa wameketi kwenye benchi la mbele, wamevaa makoti yao ya Jumapili ingawa ilikuwa Alhamisi. Mzee Aron, mwenyekiti wao, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Mimi nilikuwa kando, Biblia mapajani, kwa sababu ndimi niliyekuwa mwalimu wa Sunday School na nilikuwa nimemfundisha baba maswali na majibu yote. Aliyajua yote. Sikuwa nimemfundisha habari za basi.

Kwa kawaida mahojiano ya wanaotaka kubatizwa yalifanywa kwa Kipsigis. Baba alichagua Kiswahili, kile chake cha kununulia ng'ombe Sotik, kwa sababu hadithi yenyewe aliisikia kwa Kiswahili na hakutaka ipungue njiani. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, shali imevutwa mpaka kidevuni, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Nilikuwa nimemsihi abaki nyumbani, akaniuliza kama nina wazimu.

Kuelewa kwa nini nilikuwa natokwa jasho siku ya baridi namna ile, lazima umfahamu baba. Mzee Kiptanui alikuwa mtu wa kususa. Alisusa duka moja pale kwetu Merigi kwa sababu mwenye duka alijibu salamu yake bila kuinua macho, na tangu siku hiyo tukawa tunatumwa chumvi mpaka Longisa. Alisusa redio mwezi mzima kwa sababu mtangazaji aliahidi mvua isiyonyesha. Hakuwa na makelele. Alinyamaza tu, akaondoka, na hapo alipoondoka hakurudi tena.

Kanisa alilisusa kabla sijazaliwa. Alikuwa ndiyo kwanza amemwoa mama, na Jumapili moja alifika mlangoni akitoka kwenye kazi ya shamba la jirani, ambako watu walishukuriwa kwa busaa, pombe ya kienyeji. Kijana aliyesimama mlangoni alimnusa, akamwambia mbele ya jamaa za mama arudi nyumbani akaoshe mdomo. Kijana huyo alikuwa Aron. Baba alirudi nyumbani. Lakini Jumapili iliyofuata, na zote zilizofuata, alimsindikiza mama mpaka kwenye lango, akaketi nje chini ya misipresi na redio yake kwa sauti ya chini, akamngoja, wakarudi pamoja. Mvua ikinyesha alijifunika gunia akakaa pale pale. Usiku mama alimwombea kwa sauti, akijua anasikia. Baba alisema amina, kwa heshima, kisha akaomba chai.

Kwa hiyo siku ile tulijua, mama na mimi, kwamba mlango ule ukifungwa tena hautabishwa mara nyingine. Mama alikuwa ameanza kuumwa na miguu. Alikuwa ameniambia, tukichambua mboga, kwamba haogopi kufa, anachoogopa ni kwenda pahali ambapo atamkosa mzee wake, kwa sababu hajui atakaa akifanya nini huko bila yeye. Alilisema kwa namna ya mtu anayelalamikia bei ya mafuta.

Aliyetuletea mambo haya ya chupi alikuwa Momanyi.

Alikuja kwetu miaka michache baada ya vurugu za mpakani kule Sotik kati ya Wakipsigis na Wakisii, wakati ambapo Mkisii akija kufungua biashara upande wetu, watu walimwuliza mara mbili kama akili zake ni timamu. Alikuwa na jenereta, televisheni, mashine ya video na gunia la kanda. Alijenga kibanda cha mbao kando ya kituo cha kununulia chai, na hapo ndipo tulipojua kwamba akili anazo. Mkulima wa chai huchuma asubuhi, mchana analeta majani kituoni, halafu anangoja lori la kiwanda. Lori likikwama kwenye matope, anangoja mpaka majani yanaanza kupata joto ndani ya kikapu. Watu wanaongoja hivyo wako tayari kutazama chochote.

Picha zilikuwa za Kizungu, Kiingereza cha puani na cha haraka, kwa hivyo Momanyi alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni na maikrofoni yake, akawaambia watu kinachosemwa. Hakupumzika. Mlango ukifunguka kwenye picha alisema mlango unafunguka. Shujaa, awe nani, kwake alikuwa "stering" tu, na watoto wote wa Merigi waliijua sheria ya kwanza ya sinema: stering hafi. Kibanda kilifunguliwa kila siku isipokuwa Jumamosi. Momanyi mwenyewe hakuwa ameingia kanisani miaka mingi, lakini alikuwa amelelewa Msabato, na alisema mkono wake unakataa kuvuta kamba ya jenereta siku ya Sabato.

Baba aliingia mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Jioni hiyo alimwambia mama kwamba ameona mtu mzima amevaa chupi juu ya suruali na shuka mgongoni, na kwamba sasa anaelewa ni kwa nini Wazungu walichoka kututawala. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake baba alirudi. Wiki ile akaanza kuchuma chai kwa bidii iliyotushangaza, hata vichaka vya kule bondeni ambavyo siku zote aliviacha kwa vibarua, ili tu awe na kikapu cha kumpeleka kituoni.

Siku iliyobadilisha mambo nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea sweta. Kibanda kilijaa, vikapu vya chai vimepangwa ukutani, harufu ya majani mabichi imechanganyika na ya petroli. Kwenye viti walikaa Wakipsigis wa vijiji vyetu na Wakisii waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, bega kwa bega, kwa kuwa viti havikutosha kuchagua jirani. Baba alikuwa mbele kabisa. Aliponiona alinisogezea nafasi bila kuondoa macho kwenye picha.

Stering yule alikuwa ametumwa na babaye kutoka nyota ya mbali. Mji aliokuja kuuokoa ulimchoka, ukamtupia mawe na chupa. Halafu daraja likaanza kuvunjika, limejaa watu, na wengi wao ni wale wale waliomrushia mawe. Akaingia chini yake. Akalibeba kwa mabega mpaka wote wakavuka, na wa mwisho kuvuka walikuwa watu wa adui yake. Wakati akiwatazama, midomo yake ikasema maneno.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza nakielewa. Nilikuwa nimekaa karibu vya kutosha kusikia. Alisema atarudi, na kwamba siku hiyo watalipa.

"Anasema," sauti ya Momanyi ikatoka kwenye spika, polepole kuliko kawaida yake, "mimi sina kisasi na nyinyi. Pita. Nimewasamehe wote."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama baba, na hamu ya kucheka ikaniisha. Daraja lilianguka. Stering akafa, akafa kabisa, watoto wakaanza kupiga kelele kwamba haiwezekani, stering hafi, Momanyi peleka kanda mbele. Momanyi hakuipeleka mbele. Aliacha picha ile ya kifusi ikae, akanyamaza, mara ya kwanza tangu afungue kibanda. Kisha mkono ukatokea kwenye mawe, watu wakasimama, na baba yangu, mtu ambaye hakupiga makofi hata siku ya arusi ya dada yangu, alipiga makofi. Mwishoni kabisa adui alining'inia juu ya jumba refu, na stering akawa amemnyooshea mkono. Momanyi alisema anataka kumwokoa ila jeuri yule hataki kushikwa. Akaanguka. Nje lori la chai lilikuwa limefika na linapiga honi, na hakuna aliyetoka.

Baba alitembea moja kwa moja mpaka nyumbani. Alimkuta mama jikoni, akasimama mlangoni.

"Huyo Yesu wako," akamwuliza, "alikuwa anajua atafufuka?"

Mama aliweka sufuria chini. Alikuwa amengoja swali, lolote, tangu ujana wake, na sasa lilimkuta na mikono ya unga.

"Alijua," akasema. "Lakini iliuma."

Baba aliitikia kwa kichwa. Baada ya chakula aliniuliza, huku akitazama moto, hao wazee wetu huwa wanakaa siku gani.

Basi tukawa mbele ya wazee. Baba alimaliza daraja, akamaliza kifusi, akamaliza ule mkono juu ya jumba refu. Alipofika pale, sauti yake ilikwaruza, akakohoa ili tusijue. Nilimpenda mno. Nilikuwa pia ninaogopa.

Aron alikuwa mpole. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu umri ulikuwa umemlainisha kuliko baba alivyotaka kukubali. "Mzee Kiptanui," akasema, "tumekuuliza juu ya Yesu. Wewe umetuambia juu ya sinema."

"Nimefika kwa Yesu nikipitia hapo," baba akasema. "Kwa mlango nilirudishwa."

Mzee mmoja alikohoa. Aron alitazama viatu vyake kwa muda. Kisha akaeleza kwamba mwanawe anayesoma sekondari kule Kericho ameitazama picha hiyo hiyo, na amemwambia mambo mengine. Ndiyo maana alikuwa amemwita kijana wa video. Akaomba aingizwe.

Sikujua kwamba Momanyi yuko nje. Aliingia amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingo, akasimama kando ya baba. Bila maikrofoni alionekana mdogo. Aron alimwuliza kama yale aliyowaambia watu ndiyo yaliyosemwa kwenye picha.

Momanyi alimtazama baba kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Mzee, mimi Kizungu nasikia nusu, na jenereta inakula hiyo nusu," akasema. "Pahali sisikii, naweka maneno ya mamangu. Alikuwa anaitwa Bilhah, alikuwa anafundisha Sabato kule Nyamira. Hiyo ndiyo hadithi yenye nilikua nayo. Lakini pale kwa daraja nilisikia. Stering alisema atarudi awamalize. Na pale juu hakuwa anamshika yule adui. Alikuwa anamwachilia."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Niliangalia kwa viti. Niliona vile watu wamekaa, wa huku na wa kwetu. Juzi tu tulikuwa tunachomeana nyumba." Akamtazama baba tena. "Sikutaka kusema hiyo kitu na mdomo yangu. Nikasema amesamehe."

Nyuma nilisikia mama akivuta pumzi. Nilimtazama baba nikajua ninachokiona, kwa maana nilikuwa nimekiona maisha yangu yote: taya limekaza, kofia inazungushwa mkononi, macho yanatafuta mlango. Alikuwa amedanganywa mbele ya watu, na aliyelifunua jambo hilo ni Aron. Kwa mambo madogo kuliko hayo tulikuwa tukila chumvi ya Longisa.

"Sasa umesikia," Aron akasema, taratibu. "Huyo mtu hakusamehe. Alimwacha adui yake aanguke, na alikuwa anataka. Ile kitu uliamini haikuwa pale. Unasema nini?"

Alimgeukia Momanyi.

"Hakusamehe?"

"Hakusamehe, mzee. Pole."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kofia ikaacha kuzunguka.

"Basi stering amekosea," baba akasema. Akawageukia wazee. "Kama ni hivyo, amekosea. Yesu hapo hakukosea."

Pasta, ambaye alikuwa kijana mgeni na muda wote alikuwa amewaachia wazee kikao, alifunga Biblia yake na kuuliza kama kuna mwenye swali jingine. Hakuna aliyekuwa nalo. Aron alivua miwani tena, na safari hii alifuta macho.

Lilibaki jambo la jina. Kwetu anayebatizwa huchukua jina jipya, na wazee kama baba walikuwa wakichagua Abrahamu au Yakobo, majina yenye mvi. Pasta alipomwuliza, niliogopa, kwa sababu stering yule alikuwa na jina la Kizungu lililoandikwa kwenye ganda la kanda, na baba alikuwa na uwezo wa lolote. Lakini alimwuliza Momanyi yeye alibatizwa kwa jina gani.

"Mimi?" Momanyi akashtuka. "Alexander. Lakini hakuna mtu ananiita hivyo tangu mama afariki."

"Niandike hilo," baba akamwambia pasta.

Mzee mmoja alisema hapana. Hakusema kwamba ni jina la Mkisii, ingawa nadhani sote tulilisikia bila kutamkwa. Alisema kwamba Alexander ndiye yule Iskanda wa kwenye Biblia, mfua shaba, aliyemtendea Paulo mabaya mengi, na haiwezekani mtu kuingia majini na jina la adui wa mtume. Ilikuwa hoja nzuri. Wengine walianza kuitikia. Mwanamke hakutarajiwa kusema kwenye kikao kile, na msichana asiyeolewa hata zaidi, lakini nilisimama. Nikasema kwamba Iskanda mwingine yuko, kwenye Marko, na baba yake ni Simoni Mkirene, yule mpita njia aliyebebeshwa msalaba. Nikakaa.

Aron alifungua Marko akatafuta kwa kidole. Alisoma kimoyomoyo, akasoma tena.

"Yuko," akasema. "Mwandike."

Walimbatiza Jumapili mtoni, maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya mvua. Baba alikuwa mtu mzito na pasta alikuwa mwembamba, kwa hivyo ilihitajika mzee mmoja aingie kusaidia. Aron alivua viatu, akapandisha suruali, akaingia na tai yake shingoni. Aliweka mkono mgongoni mwa baba. Nilimwona baba akiutazama mkono ule, kisha akauegemea. Ng'ambo ya mto alikuwa amesimama Momanyi, amefunga kibanda siku ya Jumapili na kuwaacha watu na vikapu vyao wakiulizana kulikoni. Pasta alipolitaja lile jina kwa sauti, watu wawili waliinua vichwa.

Baba alitoka majini akitetemeka na kutema mate. Mama alikuwa akimngoja kwenye nyasi na blanketi. Wake wa umri wake hawakuwa wakitaja majina ya waume zao. Katika maisha yangu yote nilimsikia akimwita Baba Chepkurui, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, au mzee, au, akikasirika, huyu mtu. Lakini hili lilikuwa jina jipya, na hakuna aliyekuwa amemkataza bado. Alimfunika, akamfuta maji masikioni kwa ncha ya shali kama mtoto, akamtazama.

"Alexander," akasema.

"Naam," baba akajibu, akainamisha kichwa ili asikie anachotaka kumwambia.

Mama hakuwa na la kumwambia. Alitaka tu kumwita.